Msokoto wa mkanda huzaliwa pacha

Nikiingia kwenye gari la mtu, kabla sijatazama dashibodi wala kusifu viti, macho yangu huenda begani kwa dereva, kwenye ile pete ambayo mkanda hupitia kabla ya kushuka kifuani. Natazama kama mkanda umelala katikati ya mwanya wake au umejibana kwenye kona. Natazama kama kuna utando mweusi wa jasho na vumbi. Kisha nauvuta taratibu, nauachia, nasikiliza. Rafiki zangu wamezoea. Mmoja huniambia, "Wewe si abiria, wewe ni mkaguzi," na hakosei sana, maana kazi yangu ni kuchora vijisehemu vya ndani ya gari, na vilivyonikaa kichwani kuliko vyote ni vipitishio vya mkanda: pete ya begani, mwanya wa ulimi (kile kipande cha chuma kinachoingia kwenye bizimu), ndoano za kiti cha mtoto, kile kitanzi cha plastiki kwenye bega la kiti katika magari ya milango miwili.

Kila mtu husema mkanda umejisokota. Haujisokoti. Husokotwa na mkono, halafu kipitishio kilichochorwa vibaya kinauficha msokoto mahali ambapo mkono hauufikii tena. Lawama zote humwangukia abiria, na sisi wachoraji tunabaki salama ofisini.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba mkanda wa kawaida wa kiti cha mbele ni utepe mmoja uliofungwa ncha zote mbili. Ncha moja imeshikwa na rola, kile kigurudumu cha springi kinachouzungusha utepe, iliyofichwa chini ndani ya nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Ncha nyingine imefungwa kwa bolti karibu na sakafu, upande uleule wa mlango. Katikati utepe unapanda, unapita kwenye pete, unashuka, unapita kwenye ulimi, unamalizikia kwenye bolti. Umbo hili la pointi tatu ni la Nils Bohlin, mhandisi aliyehamia Volvo akitoka Saab, ambako alikuwa akibuni viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Volvo ilianza kuuweka mkanda wake kwenye magari mwaka 1959 na ikaiacha hataza wazi ili watengenezaji wengine wautumie. Mkanda wake haukuwa na rola. Uliurekebisha kwa mkono ukakaa hivyo. Rola zilipokuja, mkanda ukaanza kutembea kila siku, kuingia na kutoka, na hapo ndipo vipitishio vilipopata kazi ngumu.

Sasa chukua utepe wowote, ufunge ncha zote mbili, uushike katikati kwa vidole viwili, uuzungushe nusu mzunguko. Tazama pande zote mbili za vidole. Upande mmoja umesokotwa kuelekea huku, upande wa pili umesokotwa kuelekea kule. Misokoto miwili, sawa kwa ukubwa, kinyume kwa mwelekeo. Ukirudisha vidole, inafutana. Maadamu hakuna aliyefungua ncha, huwezi kupata mmoja bila mwenzake.

Aliyenionyesha jambo hili si mhandisi. Kwenye chumba cha kushonea ncha za mikanda kuna mama mmoja aliyezeeka na zile cherehani nzito kuliko sisi wote tulivyozeeka na kompyuta. Nilikuwa mgeni kazini, nikamkuta anakagua mkanda uliorudishwa na mteja, una msokoto kiunoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone. Huu una pacha wake. Yuko wapi?"

Nikautazama mkanda mezani. Upande wa kifuani ulikuwa umenyooka kabisa. Nikamwambia sioni.

"Huoni kwa sababu amelala ndani." Akaanza kuuvuta utepe kutoka kwenye rola, polepole, mpaka karibu mwisho wake, na kweli, akatoka: msokoto wa nusu mzunguko, umebanwa bapa kama mkunjo wa pasi, umekwisha kuzungushwa ndani ya rola mara nyingi sana. "Huyu na yule wa kiunoni walizaliwa pamoja."

Toka siku ile sijauangalia mkanda kwa jicho lingine. Mtu anaukamata ulimi kwa haraka, anaugeuza bila kujua, anaufunga kwenye bizimu. Pacha mmoja anakaa kiunoni, mwingine kifuani. Anaposhuka anaufungua, rola inavuta, na yule wa kifuani anapandishwa mpaka kwenye pete. Pete ikiwa nzuri inamkatalia, anabaki nje, anaonekana, na abiria wa kesho anaweza kuugeuza ulimi nusu mzunguko na kumaliza mambo. Pete ikiwa pana inamruhusu. Anapita, anaingia kwenye nguzo, anazungushwa kwenye rola. Kilichobaki nje ni msokoto wa kiunoni peke yake. Abiria wa kesho anauona, anaugeuza ulimi ili aunyooshe, na kiuno kinanyooka kweli, lakini msokoto unaibuka kifuani. Anaugeuza tena, unarudi kiunoni. Anakata tamaa, anaufunga hivyohivyo.

Kwa hiyo ukiwa na mkanda wa namna hii, usishindane na ulimi. Uvute utepe wote nje taratibu mpaka uone kilichofichwa. (Katika baadhi ya magari, ukiuvuta mpaka mwisho rola hujifunga na kuanza kutoa mlio wa meno inaporudi, hiyo ni kwa ajili ya viti vya watoto, na ukiuachia urudi wote ndani itajifungua.) Ukishawaona wote wawili, walete karibu na ulimi, mmoja kila upande. Hapo kuna mbinu ambayo mafundi wengi wa viti wanaijua: mahali pamoja juu kidogo ya ulimi, ukunje utepe kwa mshazari, nyuzi 45 hivi, upate pembetatu bapa. Usogeze ulimi upande juu ya ule mkunjo, ukisukuma pembetatu ipite kwenye mwanya kuanzia kona moja. Ulimi ukishavuka, mkunjo unafunguka upande wa pili na mapacha wamekutana, wamefutana.

Na kama umeuvuta wote nje, umetafuta kila mahali, na bado msokoto ni mmoja tu? Basi haukutokana na ulimi. Kuna mtu alifungua bolti. Labda kiti kilitolewa kushonwa upya, labda zulia lilioshwa, labda nguzo ilinyooshwa baada ya ajali, na ncha ikarudishwa imegeuka. Huo hauna dawa ya mkono; ni kwenda kwa fundi anayejua kazi, aifungue na kuirudisha sawasawa kwa kukaza kunakotakiwa. Kwenye karakana nyingi nimeona vijana wakipambana na ulimi kwa muda mrefu kumbe kosa liko sakafuni.

Kuna watakaouliza kwa nini tuhangaike. Mkanda uliosokotwa si bado ni mkanda? Jibu limo katika upana wake. Kanuni Namba 16 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inataka utepe ukivutwa kwa niutoni 9,800 usipungue milimita 46 kwa upana, na usikatike chini ya niutoni 14,700. Marekani nayo, katika kanuni yake namba 209, inataka upana huohuo wa milimita 46. Upana haukuwekwa kwa ajili ya urembo: nguvu ileile ikigawanywa juu ya eneo kubwa, mbavu zinapona. Magari mengi ya leo yana kifaa ndani ya rola kinachouachia utepe kidogo kidogo wakati wa ajali ili mvuto wa begani usizidi takribani niutoni 4,000 hadi 6,000. Mvuto huo juu ya utepe bapa wa milimita 47 ni kitu kimoja. Juu ya utepe uliojikunja ukawa kamba ya milimita 15 ni mara tatu ya shinikizo, tena pale pale penye mfupa wa bega.

Na hautabaki bapa ukisokotwa mahali pafupi. Hesabu yake si ngumu. Chukua utepe wa milimita 47 na uusokote nusu mzunguko ndani ya urefu wa milimita 100. Uzi wa katikati unabaki na milimita 100. Uzi wa ukingoni, ambao unazunguka nje, ungehitaji milimita 124. Hakuna utepe wa mkanda utakaokubali kingo zake zirefuke asilimia 24 huku katikati pamestarehe, kwa hiyo kingo zinajivuta ndani na utepe unajikunja. Msokoto huohuo ukiutandaza juu ya milimita 300, ukingo unahitaji milimita 309, yaani asilimia 3 tu. Hapo utepe unavumilia.

Hesabu hiyo ndiyo inayoongoza mahali pa kuiweka pete, kwa sababu kila mkanda una msokoto wa kuzaliwa nao ambao hakuna anayeulalamikia. Ndani ya nguzo, utepe unapanda ukiwa umelala sambamba na ubavu wa gari. Kifuani, umelala ukitazama mbele. Kati ya pete na bega lazima ugeuke karibu robo mzunguko. Robo hiyo katika milimita 300 haionekani hata kwa macho. Ukingo unadai chini ya asilimia moja. Lakini msogeze dereva mrefu nyuma mpaka bega lake likaribie nguzo, ubakize milimita 100, na ukingo unadai karibu asilimia 7. Ndiyo maana dereva mrefu hulalamika kwamba mkanda unasimama kwa ukingo na kumkata shingo, na mfupi katika gari lilelile hana habari. Pete inayozunguka kwenye bolti yake inasaidia, inachukua sehemu ya ile robo. Ila huzunguka kwenye mhimili mmoja tu. Mielekeo mingine yote inabidi mchoraji aikisie mapema kwa kuinamisha mwanya.

Sasa tuje kwenye pete yenyewe, maana hapa ningeweza kukaa mpaka usiku.

Pete inaning'inia kwenye bolti iliyo juu, na mwanya uko chini. Utepe unatoka kwenye rola, unapanda nyuma ya pete, unapita kwenye mwanya, unashuka upande wa abiria. Kwa hiyo mzigo wote unakaa kwenye upau wa chini wa mwanya. Upande wa juu, ambao mimi huuita mdomo, haubebi kitu. Kwa sababu haubebi kitu, wachoraji wengi hawaufikirii: wanaacha nafasi kubwa ili utepe upite kwa raha. Mimi nauona mdomo huo ndio pete yenyewe. Upau unabeba, mdomo ndio unaoamua utepe upite kwa sura gani.

Utepe una unene wa milimita 1.2 hivi. Ili ugeuke ndani ya mwanya, lazima kwanza ukunjike, na ukikunjika ni tabaka mbili, milimita 2.4 kwa uchache, na kwenye mkunjo wenyewe huvimba zaidi. Mwanya wa milimita 2 unaipitisha tabaka moja bila shida na kuzikatalia mbili. Mwanya wa milimita 5 unazipitisha mbili, tatu, na vumbi lake. Wateja wanaotuletea pete zenye matatizo karibu kila mara wanataka tuurefushe mwanya, wakidhani utepe umebanwa kwa upana. Urefu wa mwanya ukizidi upana wa utepe kwa milimita chache inatosha. Ukiuongeza zaidi, unampa mzururaji uwanja.

Maana utepe huzurura. Abiria akiinama mbele, mvuto unaelekea mbele, na utepe unateleza kwenye upau mpaka kona ya mbele. Kila siku hilo ni kero tu. Wakati wa ajali ni hatari: kifaa cha kuukaza mkanda wakati wa ajali kinaripuka na kuuvuta utepe ndani ya milisekunde chache, mwili unatupwa mbele, na utepe wote unarundikana kwenye kona moja. Ukingo wa mbele unabeba karibu kila kitu, ule wa nyuma umelegea. Msuguano unapanda, utepe hautembei kama ulivyokusudiwa, na kile kifaa cha kuachia mvuto kidogo kidogo hakipati nafasi ya kufanya kazi yake sawasawa.

Wanafunzi wa ufundi wakisikia hivi huja na jibu moja: uufanye upau uwe na tumbo katikati, kama puli za mikanda ya mashine, utepe utajirudisha wenyewe katikati. Kwenye puli ni kweli. Lakini puli inazunguka, na ni ule mzunguko unaoupandisha mkanda kwenye kilele. Upau wa pete hauzunguki. Utepe juu ya tumbo lisilozunguka unafanya kama chochote kilichowekwa juu ya mwinuko: unateremka upande wowote ulio rahisi. Ukifanya kinyume, ukachonga bonde katikati, unabaki katikati kweli, ila kingo zinakaza na katikati panalegea, na ukizidisha bonde unajikusanya wenyewe kuwa kamba. Mimi nimetulia kwenye upau ulionyooka sehemu kubwa, halafu unainuka kidogo sana karibu na kila mwisho, ili ukingo unaozurura ukutane na mwinuko, ukaze, urudi.

Mifereji ya mshazari juu ya upau ni dawa nyingine, na inafanya kazi, lakini kwa mwelekeo mmoja. Mfereji unaousukuma utepe nyuma unapotoka huusukuma mbele unaporudi. Lazima uchague. Mimi huchagua kutoka, kwa sababu ajali hutokea utepe ukitoka. Ukishachagua, pete ya kushoto na ya kulia haziwi sawa tena: kalibu mbili, maboksi mawili, na siku moja mtu kwenye mstari wa kuunganishia ataiweka ya kushoto kulia. Kwa hiyo inabidi uongeze kijino nyuma ya pete ili ile isiyo yake isikubali kukaa. Kila dawa huja na kijino chake.

Utepe wenyewe unasaidia kuliko watu wanavyodhani. Ukiukata na kuutazama kwa lenzi utaona nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu na kubeba mzigo, ni mafungu ya nyuzi nyembamba laini za poliesta. Mshindio, unaokatiza, katika tepe nyingi una uzi mmoja mmoja mnene na mgumu. Hilo ni la makusudi. Utepe unakuwa mlaini kwa urefu ili ukunjike kwenye pete, na mgumu kwa upana ili usikunjike kwa mapana. Kanuni Namba 16 inautaka utepe usambaze shinikizo sawasawa kwa upana wake na usijisokote hata ukivutwa. Mkanda uliochakaa, uliochomwa na jua miaka, hupoteza ule ugumu wa upana. Jaribu kuukunja kwa vidole kwa mapana. Ukikubali kirahisi kama kitambaa, hakuna pete itakayouokoa. Ubadilishwe.

Halafu kuna msuguano, ambao ndio chanzo cha nusu ya misokoto ninayoletewa. Springi ya rola haina nguvu nyingi; kwa mkanda wa pointi tatu, kanuni inaruhusu mvuto wa niutoni 1 hadi 7 tu, kwa sababu hakuna anayetaka kubanwa kifua safari nzima. Tuseme springi inavuta kwa niutoni 4. Utepe unapoizunguka pete karibu nusu mzunguko, msuguano unakula sehemu ya mvuto huo, na unakula kwa kuzidisha, si kwa kutoa. Kwenye upau safi wenye kipeo cha msuguano cha 0.2, mvuto unagawanywa kwa 1.87, unabaki na niutoni 2.1. Upau ukichafuka, mafuta ya ngozi na vumbi vikagandamana mpaka kipeo kikafika 0.5, unagawanywa kwa 4.8, unabaki na niutoni 0.8. Ulimi ninaoutumia kujaribia una gramu 70, yaani unavuta chini kwa karibu niutoni 0.7. Kilichobaki hakitoshi hata kupambana na mkono wa shati.

Matokeo yake unayajua. Mkanda unaning'inia nusu njia, umelegea, umekunjamana pembeni mwa kiti. Mlango unaubana. Anayefuata anauokota kutoka sakafuni bila kujua upande upi ni wa mbele, anaugeuza ulimi, anaufunga. Mapacha wamezaliwa. Wengi hapo husema springi imekufa, wanabadilisha rola nzima. Chukua kwanza kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukipitishe kwenye mwanya wa pete mpaka kitoke cheupe, kisha uuvute utepe wote nje, uufute, uuache ukauke kabla ya kuurudisha. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo, inakula nyuzi. Usitie mafuta kwenye pete. Siku mbili yatateleza, siku ya tatu yatakuwa gundi ya vumbi.

Kuhusu ulimi sina mengi, ila nina ugomvi nao. Mwanya wake kwa kawaida ni mpana kuliko wa pete, kwa sababu lazima utepe uteleze kwa urahisi abiria anapoufunga. Ndiyo maana ile mbinu ya nyuzi 45 inawezekana, na ndiyo maana pia utepe ukilegea mkono unaweza kuugeuza humo bila mtu kujua. Ningependa kila ulimi uwe na sura ambayo inaingia kwenye bizimu upande mmoja tu, na uso wake wa mbele utambulike kwa kidole gizani, kwa kijibonde au mstari. Baadhi ziko hivyo. Nyingi zinaingia kwa uso wowote, na hapo umemwachia abiria bahati nasibu.

Kwenye majaribio huwa namwomba mfumaji aweke uzi mwekundu kwenye ukingo mmoja tu wa utepe. Ni jambo dogo lakini limeniokolea mabishano mengi: kwenye video, ukingo mwekundu ukionekana nyuma badala ya mbele, hakuna haja ya kuuliza kama utepe umegeuka. Mashine inauvuta na kuurudisha makumi ya maelfu ya mara, pete ikipakwa vumbi laini na mafuta, ulimi ukitingishwa. Halafu namkabidhi mtu asiyejua chochote, nimwambie afunge na kufungua huku akiongea na simu. Huyo hugundua mambo ambayo mashine haiyagundui.

Sasa hivi nimeshikwa na kile kitanzi cha bega la kiti cha gari la milango miwili. Katika magari hayo mlango ni mrefu, kwa hiyo nguzo iko nyuma sana, na bila kitanzi dereva angelazimika kujipinda shingo ili aufikie mkanda. Mercedes-Benz, kwenye gari lake la milango miwili la C126 la miaka ya 1980, ilitatua hilo kwa mkono wa umeme unaousogeza mkanda mbele. Sisi hatuna mkono wa umeme; tuna plastiki. Na kitanzi hiki ni kigumu kuliko pete kwa sababu lazima kifunguke: abiria wa nyuma anapotaka kupita, utepe unatolewa humo, kisha unarudishwa na mtu mwenye haraka, mara nyingi ukiwa umegeuka. Kila mara unaporudishwa ni nafasi mpya ya kuzaa.

Nilichora mwanya wa milimita 2, kwa sababu zilezile za juu. Fundi wa kalibu akakataa. Mwanya huo, alisema, unatengenezwa na bapa la chuma jembamba linaloingia ndani ya kalibu, na bapa la milimita 2 kwa urefu ule litapinda plastiki ikisukumwa kwa nguvu. Anataka 2.6. Kwa 2.6 tabaka mbili zinapita kwa kulazimishwa, nikamwambia, na abiria wenye haraka hulazimisha. Tukabishana mpaka chai ikapoa.

Kilichotutoa hapo ni zile video za ukingo mwekundu. Tulizitazama tena polepole na kila mara ilikuwa vilevile: utepe haukunjiki ukianzia katikati. Unaanzia ukingoni, ukingo unapanda mdomo, unajilaza juu ya mwenzake, ndipo sehemu nyingine inafuata. Basi mwanya hauna haja ya kuwa mwembamba kote. Bapa la sasa lina milimita 2.6 katikati, ambako linahitaji uimara, na linapungua hadi 2 kwenye sentimita ya mwisho kila upande, ambako ukingo hujaribu kupanda. Sampuli za kwanza zimetoka kwenye kalibu. Upande wa kushoto unashika vizuri. Wa kulia una ukucha mdogo wa plastiki uliobaki kwenye kona, na unakwaruza utepe, kwa hiyo fundi amelichukua bapa kulipiga msasa.